Supu Isiyosubiri

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, baada ya misa

Kwa dada yangu Apolinaria,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu umeinyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, ingawa ninavyokujua pengine unaisoma umesimama jikoni. Shemeji Renatus hajambo? Pamba yake imechanua vizuri mwaka huu? Sisi huku tuko salama. Mektilda anakua, gauni la Pasaka limeshakuwa fupi. Kazi ya useremala inakwenda, wateja wa milango wapo, na mgongo wangu bado unakubali kuinama.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimeandika kwa makusudi. Kwenye simu unanikatiza kabla sijamaliza salamu, halafu unampa baba mdogo Mahona, naye anaanza kukohoa na kunihesabia marehemu wote wa ukoo. Karatasi haikatizwi. Nimempa jirani yangu Lugembe anayekuja Nzega kufuata mahindi, nikamwambia akukabidhi mkononi kisha aondoke haraka.

Ujumbe wako niliupata. Umesema Jumamosi mtakuja na gari, wewe na baba mdogo, kumchukua mama mkwe wangu mumpeleke Ulyankulu kwa watu wake. Umesema ni aibu mwanamume aliyefiwa na mke kukaa nyumba moja na mama wa marehemu, na kwamba mkwe ni mtu wa kupishwa njiani, si wa kuishi naye ukuta mmoja. Ukaongeza kwamba yuko mama mmoja mwenye heshima zake huko kwenye kwaya, ila hawezi kuingia nyumba yenye mama wa mke mwingine. Nimekusikia, dada. Sasa na wewe nisikie. Mama haendi popote.

Nianze mwanzo, maana matanga yalipoanuliwa uliondoka na mengi hukuyaona. Unakumbuka ni wewe uliyetundika lile pazia la maua mekundu kwenye mlango wa chumba chake, ulilokuja nalo kutoka Nzega. Ulisema nyumba yenye mkwe haikosi pazia. Nilikushukuru, na Mungu anajua tuliliheshimu. Tangu Rustika wangu azikwe, mimi na mama yake hatukuwa tumeonana usoni. Akitaka kupita uani mimi naingia karakanani. Nikitaka kumwambia jambo namwambia Mektilda, bibi yake akiwa anasikia, na Mektilda asipokuwepo namwambia paka. Yule paka alikuwa anajua habari zote za nyumba hii, na majibu aliyapata kutoka upande wa pili wa pazia.

Hivyo ndivyo alivyomlea mjukuu wake, akamsuka, akamfundisha sala, akanifulia mashati bila kuniona nimeyavaa. Sikuwahi kusikia Nzega mkilalamika wakati huo.

Kisha mvua zikaja na homa ikamwangusha. Hospitali wakamtibu, wakaturudisha na dawa na neno moja, kwamba asipokula dawa hazitafanya kazi. Hakula. Ugali ulirudi jinsi ulivyokwenda, uji ulirudi, ndizi alizopika mama jirani zilirudi. Mektilda alikuwa anatoka na sahani mle chumbani huku analia, na mimi nasimama na randa mkononi sijui la kufanya. Nilikuwa nimeshazika mtu mmoja kutoka chumba kile. Nikasema wa pili simtoi.

Ndipo nikakumbuka supu ya Rustika. Wewe mwenyewe uliinywa ulipokuja na malaria, ile ya kuku wa kienyeji yenye tambi ndogo ndogo kama punje za mchele. Alijifunza kwa masista waliomweka jikoni kabla sijamwoa. Kila aliyeugua nyumbani humu alipewa hiyo, na kila aliyepewa aliamka. Shida ni kwamba mimi nilikuwa mtu wa kuinywa tu. Sikuwahi hata mara moja kusimama kuangalia inavyopikwa.

Nikachinja jogoo, nikachemsha na kitunguu, karoti na tangawizi. Hapo nilijua ninachofanya. Kisha nikamimina pakiti nzima ya tambi, nikachukua mwiko, na mwanamume wa Kinyamwezi akishika mwiko mbele ya sufuria inayochemka unajua mkono wake unafanya nini. Nilisonga, dada. Nilisonga supu mpaka ikasimama. Mektilda akachungulia akauliza huo ni ugali wa rangi gani.

Basi kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaomba maji. Tangu tumzike Rustika hakuna aliyecheka katika nyumba hii, na nakiri nilikaa chini pale jikoni nikalia kwenye moshi ili mtoto adhani ni moshi.

Alipotulia akamtuma Mektilda amwambie aliyeko jikoni kwamba Rustika alikuwa anazivunja kwanza. Unazifunga tambi kwenye kitambaa, unazipondaponda kwa kubingirisha chupa ya soda mpaka ziwe punje. Kisha unazikaanga kwenye mafuta kidogo ziwe rangi ya asali. Aliyajua hayo kwa sababu Rustika alimpikia kila alipokwenda kumsalimia Ulyankulu, na mama alikuwa anakaa kando kumtazama mwanawe. Lakini yeye hakukumbuka ladha, alisema siku hizo alikuwa anaangalia mikono tu. Ladha ninayo mimi. Nikaonja, nikamwambia Mektilda amwambie bibi kuna kitu kimepungua. Akajibu niweke ndimu. Nikaweka. Haikuwa yenyewe. Akafikiri, akasema pilipili manga, lakini ya kutwangwa papo hapo. Nikatwanga, nikaonja, na dada, Rustika alikuwa ameingia jikoni.

Fikiria jambo hilo kabla hujapanda gari. Katika dunia nzima wamebaki watu wawili wanaoweza kuipika supu ile, na kila mmoja ana nusu yake.

Siku hiyo alikunywa kijiko kimoja kimoja kutoka mkononi kwa Mektilda, na hakikurudi hata kimoja. Nikawa napika kila siku. Mama akanitumia salamu kwamba sasa navunja tambi kama mtu mwenye akili.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo nimelizungukia tangu mwanzo wa barua. Kama umesimama, kaa.

Supu hii ina tabia moja. Haisubiri. Ukishatia zile punje ni kuipua na kunywa, ukichelewa zinakunywa mchuzi wote na kuvimba, na kilichobaki ni matope. Jumatatu iliyopita niliipika mchana kama kawaida, nikatia tambi nikimtarajia Mektilda, na mtoto hakutokea. Walimu walikuwa wamewabakiza kufanya usafi, kesho yake kulikuwa na mgeni. Nikatoka barabarani nikaangalia, nikarudi. Mama jirani alikuwa sokoni. Nikasimama na bakuli mbele ya pazia lako, naona punje zinavimba. Nilimwambia paka, paka akaondoka.

Nikaingia.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda nimempa mgongo, nikapitisha bakuli nyuma kama mwizi anayerudisha mali. Akajaribu kushika kijiko, akashindwa kwa udhaifu, nikasikia supu inadondoka kwenye shuka. Nikajaribu kumlisha mimi, bila kutazama, nikamgonga shavuni. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili na tambi zinavimba. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe, bila mtoto wala paka:

"Geuka, baba. Utaniunguza."

Nikageuka. Kanga ilikuwa imeshuka. Dada, ana macho ya Rustika. Muda wote huo macho ya mke wangu yalikuwa nyumbani kwangu na mimi nayakimbia, najificha karakanani. Nilimlisha mpaka bakuli likabaki kidogo, akanizuia mkono, akaniambia kwamba nami sijala tangu asubuhi, nimalizie. Nikamalizia, kwa kijiko kilekile, mbele yake. Namwita sasa kwa jina lake, ambalo mkwe halitaji, ili ujue kalamu haijateleza. Irankunda ameniambia kula, mwanangu, na mimi nimekula.

Baba mdogo Mahona husema anayemtazama mkwe usoni mikono itamtetemeka maisha yake yote. Mwambie jana nimechonga maungio ya kabati la mninga na kisu hakipenyi kati ya mbao na mbao. Aje apime.

Na mkisema kwa watu wake, niambieni ni watu gani. Kaka yake Ndayiragije alirudi Burundi zamani na hajasikika. Nyumba yake ya Ulyankulu ilianguka masika haya haya. Mtoto alikuwa mmoja tu, na amelala kwenye makaburi yetu, mahali mama anapoweza kutembea kwa miguu kwenda kupalilia. Hao watu wake mnaotaka kumpelekea ni mimi na Mektilda. Na yule mama wa kwaya nampa heshima zake zote, ila atakayeingia nyumba hii ataikuta na mama ndani.

Basi Jumamosi njooni, sitafunga mlango. Mkija na gari litarudi na nafasi ileile liliyokuja nayo. Mkija na njaa, wewe nitakupakulia kwanza kwa kuwa ni mkubwa wangu, na utakaa sebuleni pamoja na mama, uso kwa uso, mnywe kabla tambi hazijavimba. Mama sasa anatembea mpaka uani kwa fimbo niliyomchongea. Anauliza kama unapenda ndimu nyingi.

Msalimie shemeji Renatus na watoto, mpe baba mdogo shikamoo yangu hata kama hataiitikia. Mektilda anakusalimu na anaomba ukija umletee karanga za Nzega. Mama pia anakusalimu, ameniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa amekaa hapa ninapoandikia.

Na usilitafute lile pazia. Nimelikata. Kipande kikubwa ndicho ninachovunjia tambi.

Mimi ni mdogo wako asiyekuogopa Jumapili hii,

Leodgar