Miaka Mitano Niliyopewa Bila Kujua

S.L.P. 60418,
Boko,
Dar es Salaam.

8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Elibariki,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeipokea kabla hujaitoa. Hujambo huko Bergen? Wifi yangu Felicitas hajambo? Na watoto, bado wanakataa ugali au wameshazoea? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Allen kiuno kinamsumbua lakini hasemi. Kikimkamata anajifanya anaokota kitu chini mpaka kiachie.

Mimi pia ni mzima. Sentensi hiyo isome mara mbili, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwenye simu hunipi nafasi, nikigusa tu habari za afya unaniuliza kama mvua imenyesha. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa Audax wa kwaya yetu, anakuja huko wiki ijayo kwa mkutano, atakuletea mkononi.

Jumanne nilikwenda kliniki na mdogo wetu Margareta. Alitoka Chamazi alfajiri, akanikuta hata chai sijanywa. Tukaingia kwa daktari yule yule aliyenipokea mwaka 2019, siku ile wewe na Allen mliponibeba midomo imegeuka rangi na pumzi haishuki. Nadhani hujasahau ilivyoanza. Niliteleza bafuni, nikafungwa plasta wiki sita, nanyi mkanikataza hata kusimama mkidhani mnanitunza. Damu ikaganda mguuni, donge likapanda mpaka kwenye mapafu.

Basi daktari akanisikiliza kifua, akanitembeza kwenye korido huku akiangalia saa, akasoma majibu ya damu. Halafu akafunga faili langu, akasema, "Haya mama, miaka yetu mitano imekwisha."

Margareta akaangua kilio. Si machozi ya kujifuta na ncha ya kanga, ni kilio cha msibani, mikono kichwani. Nesi akaja mbio. Mimi nilidhani ameng'atwa na kitu.

"Dokta, mwongezee basi hata miwili," akasema. "Sie bado tunamhitaji."

Hapo ndipo yote yalipotoka. Kwamba siku ninatoka wodini daktari alikwambia nina miaka mitano. Kwamba ulimwambia Margareta nje kwenye maegesho, Margareta akamwambia Allen, na mkaapishana nisijue. Nilikaa kwenye kile kiti cha mgonjwa nikiwaangalia kama watu nisiowafahamu.

Daktari mwenyewe alivua miwani. "Mimi nilisema tutamfuatilia miaka mitano," akasema. "Kumfuatilia, jamani. Nani alisema amepewa?" Kumbe walikuwa wanaandikisha wagonjwa wenye donge la damu mapafuni ili waone mtu akinusurika anaendeleaje baada ya miaka. Wewe ukaishika namba, neno lililotangulia likakupita. Elibariki! Miaka yote ile nilikukalisha mezani nikikuambia soma swali mpaka mwisho ndipo ujibu. Walimu wenzangu wakisikia nitajificha wapi?

Nikamwomba anieleze upya, taratibu, na Margareta asikie. Alisema wengi wanaochukuliwa na ugonjwa huu huchukuliwa mwanzoni, katika siku na wiki zile za kwanza. Aliyevuka pale, na hana ugonjwa mwingine mzito kama saratani, anaweza kuishi miaka mingi tu. Hakuniahidi kitu, na nilimpenda kwa hilo. Donge linaweza kurudi, ndiyo maana vidonge vya kuzuia damu kuganda nitaendelea navyo, labda maisha yangu yote. Ngazi bado zinanishinda nikizipanda haraka. Nilipomuuliza nimebakiza mingapi, alicheka akasema hiyo haimo kwenye faili.

Tulipofika nyumbani Margareta ndiye aliyemweleza Allen. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye kibaraza. Aliporudi alisema, "Mitano tena, Mama Brightson," akaenda kuchemsha chai mwenyewe. Tangu tuoane hajawahi kuchemsha chai.

Sikufichi, nilikasirika. Siku mbili sikupokea simu ya mtu. Nilianza kukumbuka jinsi kila nilichotaka kuanza mlikizima kwa upole. Nilipotaka kufungua darasa la kusoma kwa watoto wa mtaa hapa barazani, mliniambia dada pumzika. Nilipotaka kumchukua binti wa marehemu shangazi nimsomeshe, mkasema ngoja kwanza. Ngoja nini? Nilidhani nimezeeka, nikaanza kujiona mzigo. Hilo liliniuma kuliko kifua, na ninakwambia ili ulijue, si ili ulibebe.

Hasira iliniisha Ijumaa, na aliyeimaliza ni Margareta. Alikuja na begi kubwa, akalifungua kitandani bila kunitazama. Vitenge, doti thelathini, rangi ya zambarau. Sare ya msiba wangu! Alinunua tangu mwaka juzi akaficha kwa jirani yake Somoe, maana alisema siku zikikaribia rangi nzuri haipatikani. Nikavitazama, naye akavitazama, tukacheka mpaka nikaishiwa pumzi na akaanza tena kuogopa. Ni vitenge vizuri, mdogo wangu. Jicho la rangi analo. Nilivipeleka kwa fundi kesho yake, gauni langu lina mikono mifupi.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Najua umechukua likizo ya Novemba, na sasa najua ni ya nini. Nimeelewa pia kwa nini nyumba ya wazazi kule Machame imepakwa rangi na uwanja umesawazishwa "kwa ajili ya wageni". Naomba uisogeze hiyo likizo mpaka Desemba. Watu wa huku wanatutania kwamba sisi Wachaga kila Krismasi tunakwenda nyumbani kuhesabiwa. Miaka mitano mimi sijahesabiwa, mlikuwa mnasema safari ndefu ya kukaa itaniua. Daktari ameruhusu. Tutakwenda na gari la Brightson, tutasimama kila baada ya saa mbili nitembee, nitakunywa maji, nitavaa zile soksi ndefu za kubana hata kama Allen ananiita mchezaji mpira. Kitambaa cha shati lako kimekatwa tayari. Nitumie vipimo, na usijipunguze tumbo.

Darasa langu linaanza Januari. Watoto saba wameandikishwa. Sikuombi ruhusa, nakupa habari.

Jambo la mwisho, na hili nimelifikiri sana kabla ya kuliandika. Kila Jumapili ulipokuwa unanipigia, nilikuwa nasikia unavuta kamasi kabla ya kuaga. Nilidhani ni baridi ya huko, nikawa nakusisitizia sweta. Kumbe ulikuwa unanililia, peke yako, wiki baada ya wiki, miaka yote hii, na mimi nipo hapa napika mtori. Nami nilikuwa naogopa, Elibariki. Kila usiku nilipolala nilikuwa nahesabu pumzi, na sikumwambia mtu, hata Allen. Laiti mmoja wetu angefungua mdomo.

Njoo Desemba. Siku ya Krismasi nataka tukipande kwa miguu kile kilima cha kwenda kanisani, wewe na mimi, kama zamani. Katikati ya njia nitasimama niheme. Usilie, na usimwite mtu. Nisubiri tu hapo pembeni. Nitaendelea kupanda.

Msalimie sana wifi Felicitas, mwambie kitenge chake kipo. Wabusu watoto. Allen, Margareta na Brightson wanawasalimu, na Margareta anasema anaomba radhi kwa zambarau. Mungu awalinde katika baridi hiyo na awalete nyumbani salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na niliye hai,

Eliaichi