Tone, Tone

Jumamosi, 12 Januari 2019
Mpangaji wa nyumba yangu ya Toledo amehama. Nyumba tupu, nami nimewahi kuiona kwa picha tu. Hapa San Diego fedha ya bima ya maisha ya marehemu mume wangu Russ isingenunua hata banda la gari. Kule Toledo, Ohio, alikozaliwa, ilitosha nyumba nzima, tena yenye kibaraza! Ndiyo akiba yangu ya uzee hiyo, sina nyingine. Dada Glenda kacheka: watu huposa mke kwa picha, wewe mdogo wangu umeposa nyumba.

Jumatano, 16 Januari
Trent, wakala anayenisimamia nyumba, kapiga simu. Hita inakula gesi bure. Nikamwambia azime — tunapasha joto kuta tupu za nini?
"Na maji?"
Yaache, wapaka rangi watayahitaji.
Akajibu polepole: "Haya, mama. Nyumba ni yako."
Sikuipenda ile "haya" yake.
Jioni nimemwagilia mlimau wa Russ kwa maji niliyooshea mboga. Ukame umetufunza. Yeye hakufunzika: siku za baridi aliacha bomba la bafuni likidondosha. Tone, tone. Nilikuwa naamka kulifunga. "Umelelewa wapi wewe?" "Toledo," anasema, anageukia ukutani.

Jumapili, 27 Januari
Ramani ya hali ya hewa — Ohio yote zambarau, rangi ya baridi kali kupita zote. Nimempigia Trent mara tatu. Simu yake inasema yuko Florida, mapumzikoni. Nimevaa sweta ya Russ, na nje kuna jua.

Jumatano, 30 Januari
Asubuhi. Bi Wanda, jirani wa kule, yuko kwenye simu. Kauliza kama kuna mtu ndani. Hakuna.
"Basi ni nini kinachonguruma humo? Madirisha yameota barafu kwa ndani, dada."
Nikamwambia hita imezimwa.
"Na maji ukayaacha? Yameganda, yamepasua mabomba hayo! Hukuacha hata moja likidondosha? Maji yanayotembea hayagandi, hata watoto wa huku wanajua."
Nimekaa kitako sakafuni.
Anakwenda kutafuta koki kuu ayafunge maji; kasema nisikate simu. Nasikia buti zake kwenye theluji. Anahema. Ana miaka sabini na tisa. Nimemwomba arudi, hanisikii.
Nimeingia bafuni, nimefungua bomba kidogo. Sijui kwa nini. Haisaidii kitu. Hapa tone, tone. Kwenye simu maji yanaunguruma, na buti za Bi Wanda zimenyamaza. Namwita, namwita —