Programu Yenye Kuchunga Hata Vyenye Tunafuta

Baba Béthanie,

Bukari iko mu sani yenye kufunikwa, samaki iko juu ya mbabula. Minyi niko ku kwaya, nitarudia magaribi.

Ordinatere usiiguse. Mutoto wetu Nahum atakuya kuweka programu ya kuchunga kopi. Ile weye ulipenda, kitu unafuta mu ordinatere, nayo inaifuta mu kopi. Minyi nimechagua ingine, yenye kuchunga hata vitu tulisha kufuta.

Juu ya nini? Juu ya leo asubui. Béthanie ametelefoni, anasema mutoto wake wa kwanza balimupa jina ya baba ya bwana yake, na weye unafuta mafoto yote ya ndoa yake!

~~Utajitafutia mwenyewe.~~ Ile mafoto iko mu telefone yangu, Nahum atairudisha mu ordinatere. Nakujua: mbele ya misa ya dimanshi utaitafuta, zaidi ile yenye unalia na kravati mupya mu shingo.

Mutoto hakupata jina yako, ni kweli. Lakini weye, muji yetu Kamina yote inakuita kwa jina ya binti yako. Ile, utaifuta na programu gani?

Usisahau kuzima makala.

Mama Béthanie