Nilitaka Shahidi

Jumatatu, 3 Februari

Sketi za sare kutwa nzima. Marinda, marinda, marinda. Mgongo umekauka.

Mchana mpelelezi alipita dukani. Hakuketi. Alisema Koome bado yuko rumande Meru, lakini kesi ni nyepesi. Hakuna anayekubali kwamba alimwona akimdunga Murithi kisu. Nikamwambia ilikuwa mchana kweupe, siku ya soko, nyuma ya vibanda vya miraa, hapa hapa Kangeta. Vijana wa stage ya matatu walikuwepo. Akasema kila aliyeulizwa alikuwa ameenda kunywa chai.

Kangeta nzima ilikuwa ikinywa chai mwanangu akifa.

Miaka ishirini nimemlea. Koome amemuua amnyang'anye simu.

Alhamisi, 6 Februari

Akina mama wa kanisa wamekuja tena na uji na maombi. Mmoja alisema Mungu huchuma ua lililo zuri kwanza. Nikamwambia wangu hakuchumwa, alidungwa kisu cha kukatia miraa. Nikamuuliza kama wake wameachwa kwa kuwa ni wabaya. Waliondoka bila kumaliza wimbo.

Sijuti.

Baba Murithi alikuwa shambani. Analima pale pale alipolima jana. Hatuongei. Tukiongea tutagombana, kwa hivyo tunakula kimya.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeenda stage mwenyewe. Walikuwa wamekaa juu ya magunia, mashavu yamejaa miraa, wanacheza karata. Waliponiona karata zikasimama. Mmoja akatazama chini. Gitonga. Alisoma darasa moja na Murithi. Amekula ugali kwangu mara ngapi sijui.

Niliwaambia natafuta vijana wa kujifunza kushona. Mafunzo bure, chakula cha mchana juu yangu. Walidhani nimerukwa na akili.

Niandike ukweli hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sitaki kumsaidia mtu. Nataka mdomo mmoja. Nitawalisha mpaka mmoja wao aseme.

Jumatano, 26 Februari

Wanakuja. Gitonga, rafiki yake Kinoti, na wengine wawili wanaokuja wakipenda. Kinoti ana mdomo, anacheka kila kitu. Alivunja sindano ya cherehani siku ya kwanza, na leo tena. Mkasi ulipotea. Nilipiga kelele, nikatoka nje, niliporudi ulikuwa mezani. Wananuka sigara. Wanakula kama watu waliofungiwa.

Wananiita Mama Murithi. Wakitaka uzi, Mama Murithi. Wakitaka chaki, Mama Murithi. Siku nzima jina lake liko midomoni mwao.

Mchungaji amenitaja madhabahuni kuwa mfano wa msamaha. Nilitoka kabla ya sadaka.

Ijumaa, 14 Machi

Gitonga amesema.

Wenzake walikuwa nje wakila. Yeye alikuwa kwenye cherehani, anatia zipu kwenye suruali. Hakuinua kichwa.

"Mama Murithi, mimi nilikuwa pale."

Nikaendelea kukata uzi.

"Koome alimshika kutoka nyuma. Murithi akaniita. Aliniita kwa jina. Nikakimbia."

Pasi ya makaa ilikuwa karibu na mkono wangu, imewaka. Nilitamani kumpiga nayo. Nikamwambia zipu imeenda upande, aifumue aanze upya. Akafumua. Machozi yakawa yanadondokea suruali ya mteja.

Baadaye nikamuuliza kama anaweza kuyasema hayo mbele ya jaji. Akasema anaweza.

Nimepata nilichokuwa nawapikia. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempeleka kituoni, ameandikisha taarifa. Kesi ni tarehe tisa mwezi ujao. Nilimuuliza mpelelezi ni nani atakayemlinda kijana mpaka siku hiyo. Akaniangalia kama aliyeombwa gari.

"Mwambie asitembeetembee," alisema.

Basi.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamempata. Binamu zake Koome, mchana, njia ya mtoni. Wamemkata kwa panga mkono wa kulia, toka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Damu ilikuwa imejaa kiatu.

Nilikaa naye hospitalini akishonwa. Nilitazama kila mara sindano ilipoingia. Naye alitazama. Akasema daktari anashona vibaya kuliko Kinoti. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu tulipomzika Murithi. Nimejichukia njia yote ya kurudi.

Bado anasema atasimama kortini. Sikumkataza.

Ijumaa, 4 Aprili

Shosho, nyanya yake Gitonga, amekuja dukani. Ndiye aliyemlea, hana mwingine. Aliketi kwenye benchi la wateja tangu asubuhi. Hakulia, hakuomba maji. Mwishowe nikamuuliza anataka nini.

"Wako ameshakufa," alisema. "Ukimpeleka na huyu, mimi nitabaki na nani?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi hakuna aliyeniuliza nitabaki na nani.

"Ndiyo maana nimekuja mapema," akasema. Akachukua fimbo yake akaenda.

Sikushona tena leo.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilimfuata Baba Murithi shambani nikamweleza yote. Chakula, taarifa ya kituoni, panga, yule shosho. Nilitaka aseme kijana aende kortini. Nilitaka aseme Koome aozee jela. Ni baba yake.

Aliegemea jembe.

"Na wakimuua Jumatano jioni," akasema, "huyo utamtafutia shahidi wapi?"

Nilimtukana. Nilimwambia hakumpenda Murithi. Alirudi kulima, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempeleka Gitonga Embu. Mdogo wangu Karimi ameolewa Siakago, kule chini kwenye joto, mbuzi na mashamba ya ndengu na vumbi. Hakuna anayemjua kule.

Kijana alikataa. Hata tulipofika Chuka alitaka kushuka kwenye matatu arudi. Alisema safari hii hakimbii, lazima aseme kwa ajili ya Murithi. Nikamwambia Murithi ni wangu, na mimi ndiye ninayesema hapana. Watu waligeuka wakatuangalia. Akageukia dirisha.

Karimi hakuuliza maswali. Alimtengea maji ya kuoga akaenda kuchinja kuku. Niliondoka kabla ya chakula. Gitonga alisimama barazani, mkono umefungwa shingoni. Hakunipungia.

Nimeiua kesi ya mwanangu kwa mikono yangu. Hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Jumatano, 9 Aprili

Korti, Meru. Shahidi aliitwa. Akaitwa tena. Mpelelezi aligeuka akanitazama, nikatazama sakafu. Kiongozi wa mashtaka aliomba kesi iahirishwe. Jaji akasema imeahirishwa vya kutosha. Koome hana kesi ya kujibu.

Hana kesi ya kujibu.

Alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Mama yake alimrukia, akalia kwa sauti. Nilijua kilio hicho kingekuwaje kwangu, kama Murithi angerudi kutoka mahali popote.

Nilitembea mpaka Makutano nikasimama kando ya barabara, malori yananirushia vumbi, sijui nasubiri nini. Baba Murithi alinishika kiwiko akanipandisha gari.

Namchukia Koome. Leo namchukia Gitonga pia. Na yule shosho. Na mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikufungua duka.

Jumatatu, 14 Aprili

Bado sijafungua. Kinoti na wale wengine wawili wamekuja nyumbani. Walisimama uani, kofia mkononi, kama wamekuja matanga.

"Mama Murithi, tunaendelea ama tumemaliza?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. Niliwaambia sikuwaita niwafundishe. Niliwaita ili nimpate mmoja wa kumfunga Koome. Chakula chote kilikuwa cha hilo.

Kinoti akakuna kichwa. "Tulijua. Tangu siku ya kwanza."

"Na mkaendelea kuja?"

"Tulikuwa tunakula." Safari hii hakucheka. "Lakini sasa mimi najua kutia mfuko kwenye suruali. Kama umemaliza na sisi, sema tu, turudi stage. Koome amerudi pale. Anatafuta watu wa kutembea naye."

Aliyasema hayo kama mtu anayekuambia mvua imeanza. Nilimtazama. Ndevu zenyewe bado hazijajaa. Huyu naye ana mama, huko Mikinduri, sijui kama anajua mwanawe yuko wapi.

Nilikwenda ndani nikatafuta ufunguo. Sikufanya hivyo kwa upendo. Nilifanya ili Koome asiwapate bure.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua asubuhi, halafu jua. Oda ya mashati ya kwaya. Kinoti sasa anapima wateja, anawaambia wavute tumbo. Wale wawili wanakuja kila siku. Wiki iliyopita Kinoti alimleta msichana, Nkatha, mjamzito, kwao wamemfukuza. Analala kwenye chumba kilichokuwa cha Murithi. Baba Murithi ndiye aliyetandika kitanda. Mimi nilisimama mlangoni, sikuweza kuingia.

Koome alipita. Alinunua sigara duka la jirani, akatazama huku. Nilijidunga sindano kidoleni. Hakuna aliyemsalimia. Akaenda.

Sijamsamehe. Mchungaji aliuliza tena, nikamwambia asiniulize tena.

Karimi alipiga simu. Mkono umepona, vidole viwili havikunjiki. Kijana anamshonea magunia ya ndengu kwa mkono wa kushoto na anakula sana. Nilimwambia amsalimie.

Jioni niliwaonyesha namna ya kukata kola. Ni kazi ngumu, kitambaa kinateleza. Nkatha alikata taratibu, ulimi nje, na kola ikatoka sawa pande zote mbili.

Nimemwambia ni nzuri.