Peniel Alicheka Mgongoni

Jumatatu, 12 Mei 2025

Peniel sasa hivi kavuta shuka jekundu la bibi yake kwenye kamba, kajifunika kichwa, anasema, "Ayupo!" Anafunua: "Yupo!" Kacheka mpaka kakaa chini. Mchezo kafundishwa na baba yake mdogo, Chediel. Wakianza hao wawili, hata ugali unapoa. Mama mkwe kaja kamnyang'anya, kaliloweka shuka kwenye beseni. Nikasema lete mama, nitafua mimi. Akanipa mgongo, akasugua.

Nami nimecheka. Kumbe bado naweza.

Jana nimeibiwa. Naandika kitoke kifuani. Natoka mnadani, jua bado lipo, Peniel mgongoni. Pale njia inapokata katikati ya alizeti mtu kanishika bega kwa nyuma. Kitu cha baridi shingoni. Akanong'ona, usigeuke. Nimeona ncha ya shuka jekundu, basi. Kachukua simu na mfuko wa vitambaa vya wateja. Wameniamini niwashonee — sasa niwaambie nini? Na simu ndiyo sauti ya Hezekia. Mume wangu yuko kwenye vibarua Itigi, akipiga Peniel anailamba simu yote.

Jambo moja silielewi. Mimi natetemeka, na Peniel huko mgongoni kageuza shingo nyuma — anacheka. Kicheko cha kweli. Nikajisemea, mtoto hajui panga.

Nilipofika watu walijaa uani. Ulimwona? Nikasema nimeona shuka jekundu tu.

Jumanne, 13 Mei

Kisimani. Nilidhani ni mimi peke yangu. Jirani yangu Dorkas kaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye, njia hiyohiyo, mwezi wa pili. Akanionyesha kovu kwenye kiganja, alishika panga kwa hofu. Sisi wote alituambia kajikata na mundu. Mama mmoja nyuma yetu akasema hata mimi. Mwingine akatazama ndoo yake tu, nikajua.

Nikawauliza nani alikwenda polisi. Wakacheka. Dorkas anasema ukifika utaulizwa unamshuku nani, ukisema humjui unaambiwa basi ukimpata utuletee. "Sasa mimi nikimpata, polisi wa nini tena?" Tumecheka wote. Halafu kila mmoja na ndoo yake.

Nikasema nikipata usafiri naenda. Wameniangalia kama mtoto.

Njiani Dorkas kasema watu wameshajua ni nani. Antipasi. Kijana wa Manyoni anayechunga ng'ombe za watu huku. Mashuka mekundu yako kila nyumba, lakini sisi tunajifunika ndani. Anayetembea nalo njiani mchana ni Antipasi peke yake.

Mimi sikumtaja Antipasi. Nilitaja shuka!

Jumatano, 14 Mei

Leo sijui nianze wapi.

Chediel kaja kula. Kanisalimia, shemeji pole na yaliyokukuta, hata macho hakuinua. Peniel kamkimbilia. Kamletea shuka la bibi yake, limeshakauka, anataka mchezo. Chediel kasema leo hapana, nimechoka. Mtoto kang'ang'ana. Akamfunika yeye Chediel kichwa kwa nguvu, akakaa anasubiri.

Chediel akafunua.

Peniel akacheka. Kicheko kilekile.

Nilikuwa na mwiko mkononi, nikaendelea kusonga ugali uliokwisha kuiva. Nikageuka, mama mkwe ananiangalia mimi, hamwangalii mtoto. Alijua. Alijua tangu Jumatatu, ndiyo maana ya beseni.

Chediel alipoondoka mama mkwe alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu. Hajawahi. Kasema nitakupatia simu nyingine, nitauza mbuzi. Kasema mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani, nitamsema mwenyewe. Nikamwambia mama, mwanao aliniwekea panga, na mjukuu wako mgongoni. Akafumba macho. Halafu:

"Loyce mwanangu, Hezekia yuko mbali. Nikifa leo, wa kunizika ni huyo."

Nikamshika mkono. Nampenda huyu mama. Ndiye aliyempokea Peniel siku anazaliwa, mvua inanyesha, gari hakuna.

Sijasema ndiyo. Sijasema hapana.

Alhamisi, 15 Mei

Kaja binti wa takwimu, ana kishikwambi na viatu vyenye vumbi. Mpole. Kamwamkia mama mkwe shikamoo, kapewa kiti. Maswali mengi — tunapika kwa nini, maji tunachota wapi. Halafu kauliza: katika mwaka huu uliopita, umewahi kuibiwa au kunyang'anywa kitu kwa nguvu?

Mama mkwe alikuwa anapeta mtama. Ungo ukasimama.

Nikasema hapana.

Akabonyeza. Swali la kuripoti polisi akaliruka, kasema hilo halikuhusu dada. Akaenda kwa Dorkas. Nilisimama mlangoni nasikia. Dorkas naye: hapana. Na kovu lake lile.

Basi. Kijiji chetu hakuna aliyeibiwa.

Baadaye nimelia kidogo, Peniel akanifuta na kanga, kaniziba pua nusu nife. Nikamwambia wewe utasoma, utasema mambo yako bila kutazama ungo wa mtu. Kajibu, "Ayupo."

Ijumaa, 16 Mei

Naandika haraka, nimesema navaa.

Sungusungu wamemkamata Antipasi asubuhi, malishoni. Wamemfunga kamba, wamemweka mbele ya ofisi ya kijiji. Dorkas kaja mbio. Anasema wameshampiga, jicho moja halionekani, analia anamtaja mama yake. Anasema wamekubaliana wakungoje wewe useme ni yeye, ndipo wammalize. Na aliyeshika kamba ni Chediel.

Chediel!

Afande wa kata kapigiwa simu, yuko njiani na pikipiki. Nimemuuliza Dorkas, akija utamwonyesha kiganja? Kasema ukianza wewe, Mama Peniel. Kaenda kuwaambia wale wa kisimani.

Mama mkwe kasimama mlangoni, shuka kalikunja kwapani. Kasema useme hukumwona mtu, si uongo huo, kweli hukumwona. Na Antipasi watamwachia. Nikasema watamwachia, mama? Hawa? Midomo inatetemeka, kama ya Peniel akitaka kulia. Mungu wangu, nikirudi nitamtazamaje? Atanipikia? Nitampikia?

Lakini yule kijana naye ana mama, huko Manyoni, anajua mwanawe anachunga.

Nikamwambia, mama, naomba hilo shuka. Kalishika. Sikuvuta. Nikafungua mkono tu, nikangoja. Sasa liko hapa mapajani, linanukia sabuni.

Sauti nje. Ni Chediel mwenyewe, katumwa kunichukua. Anaita, shemeji, watu wanasubiri. Anasema mtoto mwache kwa bibi, kule si mahali pa mtoto.

Nimeshamfunga Peniel mgongoni. Nimesema siendi bila yeye, maana huyu ndiye aliyemwona mwizi.