Sahani ya Bi Sabra kwenye Mkutano wa Kodi

Nasra, nimeumbuka leo, wallahi sijui uso niuweke wapi.

Si nilikwambia naenda kwenye ule mkutano wa kata wa kutoa maoni juu ya kodi za nyumba? Nikashika maiki mie! Nikasema wenye nyumba wa Makorora wapigwe marufuku kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Makofi, vigelegele!

Kumbe mwenye nyumba wangu, Bi Sabra, kakaa nyuma yangu.

Akainuka polepole. "Mwenyekiti, huyu nilimpelekea futari Ramadhani. Sahani yangu ya maua hajairudisha mpaka leo."

SAHANI, Nasra! Ukumbi mzima: "Aaah!" Hata wapangaji wenzangu niliokuwa nawapigania!

Mwenyekiti naye kanikazia macho: "Dada, sahani unayo, huna?" Kodi imeshasahaulika! "Kairudishe kwanza, halafu ndiyo uje utoe maoni."

Mkutano unaendelea kesho saa nne, na mie lazima niongee.

Sasa sahani yenyewe iko kwako, ile niliyokuletea pilau la Idi. Ilete leo leo. Na ole wako uilete tupu!