Usije na Jembe, Shemeji

Kiegeani,
Mafia.
Dominika ya Kristo Mfalme,
23 Novemba 2003.

Mpendwa Shemeji Fortunatus,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, kama mlivyonizoesha tangu siku ile niliyoingia kwenu na vitenge vyangu viwili. U hali gani? Mgongo umepoa? Na Mama, macho yake yanaonaje siku hizi? Migomba ya kibanjani imepata mvua? Tafadhali usinijibu "tupo salama" halafu basi, kama wanaume wa kwenu mlivyo. Nataka kujua nani anaumwa, nani amejifungua na nani amegombana na nani.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Angela yuko kidato cha pili, amerefuka, ameanza kunitazama kutoka juu. Pua ni ya baba yake na ubishi ni wa baba yake, kwa hiyo nyumba haijawa kimya sana. Mimi bado nipo zahanati, napima watoto uzito na kuhangaika na wajawazito.

Huko ni msimu wa senene sasa. Ee Shemeji, nawatamani! Juzi nilimweleza jirani yangu Mwanamkuu kwamba kwetu tunawakaanga tunakula, akasema astaghafirullah, mchana wa Ramadhani namtajia mambo gani hayo. Yeye anayekula pweza na mikono yake minane! Nitumie kidogo, na usinianzishie habari za kwamba wanawake hawali. Hayo yalikuwa ya babu zenu.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Unasema ukoo umekaa, na umeamua kwamba baada ya Noeli utakuja na vijana wenye majembe, umfukue mume wangu, umrudishe alale kibanjani karibu na baba yenu. Unasema pia umesikia tulimzika kinyume, kichwa mahali pa miguu, kama mtu asiye na kwao. Sikuudhika. Mtu akifiwa na mdogo wake mbali, na hakutupa hata konzi ya udongo, lazima moyo utafute pa kushika. Ila wewe ulisikia, mimi nilikuwepo. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Presha ilimwangusha Costantine darasani mwezi wa Juni, chaki mkononi, na kabla jua halijatua hatukuwa naye tena. Kusi ilikuwa imechafua bahari, hakuna chombo kilichokuwa kinavuka kwenda bara, na maiti haingoji. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu, mzike, Jovina, hakuna namna. Nilikusikia unalia. Wakristo hapa kijijini ni nyumba za kuhesabu kwa vidole, walimu na sisi wa zahanati na mwenye duka mmoja, wala hatuna makaburi yetu. Nikiwa sijui la kufanya, Mzee Shamte, mume wa Mwanamkuu, akaja akasimama mlangoni.

"Mwalimu hazikwi ugenini," akasema. "Pahala pake papo shambani kwangu."

Sidhani kama mliwahi kujua huko nyumbani Costantine alikuwa nani kwa watu hawa. Hifadhi ya bahari ilipoanza, na nyavu za kukokota zikakatazwa, hapa palikuwa hapakaliki. Wavuvi wanasema tutakufa njaa, watu wa Hifadhi wanasema samaki watakwisha. Mdogo wako alikuwa anakwenda kwa hawa anakunywa chai, anakwenda kwa wale anakunywa chai, hata nikamwambia wewe mwanamume utapasuka kwa chai. Hakuwapatanisha kabisa, nisikudanganye. Lakini walikuwa wakizungumza, na hakuna aliyemwinulia mwenzake mkono. Alisema mtu anayemngoja Mfalme wa amani hawezi kumngojea vitani. Ndiyo maana Shamte alikuja mlangoni kwangu bila kuitwa.

Vijana wake wakachimba. Wakachimba kama wanavyowachimbia watu wao, pamoja na mwanandani, kile kijumba cha ubavuni ambamo wao humlaza maiti ndani ya sanda bila sanduku. Seremala wetu naye alikuwa ametengeneza sanduku pana kama kabati. Shamte alipokuja nyumbani akaliona, alijipiga paji la uso, akatoka mbio na miguu yake ile ya uzee. Majembe yakarudi kazini, wakapanua shimo jua likiwaka, wala sikusikia hata mmoja akinung'unika.

Halafu kubeba. Huku maiti hacheleweshwi njiani. Wanapokezana bega kwa bega, wanakwenda nusu mbio, kila mtu anataka apate thawabu ya kubeba. Sisi tumezoea kwenda taratibu kwa mwendo wa litania. Katekista wetu, Gerson, yule ambaye bila shaka ndiye aliyekupelekea habari, ni mtu mwenye mwili. Alianza kuwaita watakatifu, hajafika mbali na orodha ile, sanduku halionekani tena! Mimi na Angela tulikuwa nyuma pamoja naye. Tulipofika shambani, Gerson akihema na kanzu imemnasa miguuni, sanduku lilikuwa limekwisha shushwa na udongo umeanza kurudi. Akasali palepale. Tukamzika, tukalia.

Ilipofika kusimika msalaba ndipo Gerson alipouliza kichwa kiko wapi. Wakamwonyesha upande wa mashariki. Akashika kichwa chake mwenyewe. Wewe wajua, sisi twawalaza wetu miguu mashariki, ili siku Mfalme atakapotokea upande wa macheo, mtu ainuke amtazame usoni. Wao huweka kichwa mashariki, wamlaze mtu kwa ubavu, uso uelekee kibla, na kibla huku kiko kaskazini. Hawakufanya kwa dharau. Walimlaza Costantine kama ambavyo wangemlaza baba yao.

Gerson ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna mlango. Alisema mbele za watu kwamba kaburi limeharibiwa, kwamba lazima lifunguliwe sanduku ligeuzwe. Neno lile "limeharibiwa" lilienea kijiji kizima. Kombo, mtoto wa Shamte, aliyechimba mpaka viganja vikachubuka, akasema, "Kumbe sisi tulidhani tunazika ndugu." Basi. Toka siku ile salamu zikawa fupi. Shamte akawa anapita mlangoni kwangu bila kupiga hodi. Mwanamkuu akaacha kuniitia mtoto ukutani, "Anjela, njoo uchukue kisamvu." Yaani amani aliyoihangaikia mume wangu miaka yote ile ilikuwa inavunjika juu ya kaburi lake mwenyewe. Na Gerson akasema, mwenye maiti ni mjane, yeye aamue.

Shemeji, niliogopa, sikufichi. Nilikuwa nikifumba macho namwona Costantine anaamka, anatazama minazi tu, na Mfalme anapita nyuma ya mgongo wake. Mtu aliyemngojea maisha yake yote! Nilikuwa tayari kusema fukueni. Lakini nikajiambia, kwanza niende kwa mwenye shamba, asije akasikia kwa watu.

Nikaenda mchana kweupe, nikakaa jamvini, nikamweleza Mzee Shamte kila kitu, kwa nini mashariki, na ni Mfalme gani huyo. Nikamwambia ni Mfalme asiyekula rushwa wala asiyesahau, ambaye mbele yake mjane haambiwi njoo kesho, na mvuvi na askari wa Hifadhi watakula sahani moja. Mwanamkuu alikuwa anakuna nazi. Akasema bila kuinua macho, "Hata sisi twamngoja Isa bin Mariamu, mwanangu. Hukujua?"

Nilijua, na sikujua. Hatumwamini sawasawa, hilo nalijua nao wanalijua, na siku ile hatukubishana. Lakini nilishangaa. Miaka yote tumekaa ukuta kwa ukuta, kila nyumba inamngoja, na hatukuwahi hata siku moja kuulizana.

Shamte akafikiri, akauliza, "Huyo Mfalme akija, makaburi yatafunguka?"

Nikasema yatafunguka.

"Na Mwalimu atainuka mzima?"

Mzima kabisa, nikasema.

"Sasa mama, mtu aliyeweza kufufuka, atashindwa kugeuka?"

Nilicheka! Mara ya kwanza tangu msiba, nilicheka mpaka Mwanamkuu akaiacha mbuzi yake ya kukunia nazi akaja kunishika, kwa sababu kicheko kilikuwa kimekwisha geuka kilio. Tulilia wote wawili, mimi na yeye, nazi iliyokunwa imemganda mikononi. Nilipoondoka nilikuwa nimekwisha amua. Kaburi halifunguliwi.

Gerson alininunia. Alininunia hasa, ile ya kukupa amani ya Kristo kwa ncha za vidole. Ikafika siku ya kuwaombea marehemu, mwanzoni mwa mwezi huu, akachukua panga lake kwenda kupalilia kaburi kabla ya sala. Akakuta limepaliliwa, limefagiwa, na Kombo yuko pale anaweka mawe pembeni, amefunga saumu, midomo mikavu. Gerson akaweka panga chini. Aliinama akaanza kubeba mawe naye. Tulipofika na mishumaa yetu tuliwakuta wawili hao wanabishana habari za mpira. Ijumaa iliyofuata Gerson akapeleka tende kwa Shamte kwa ajili ya futari, na salamu zimerudi kuwa ndefu, hata za kuchosha.

Leo tulisali darasani kama kawaida, darasa lilelile, na ubao uleule aliokuwa akiandikia Costantine. Tuliimba kumshangilia Kristo Mfalme, sisi watu wachache na sauti zetu za kupishana. Nilitazama ubao, nikasema moyoni, njoo basi. Unakawia nini? Nimechoka, Shemeji. Nimechoka kuona akina mama wanazika watoto, nimechoka na maneno, na haki inayokuja kwa mwenye sauti kubwa. Namtaka Mfalme ambaye hahitaji kukumbushwa. Na tuseme kweli, namtaka pia kwa sababu najua atakuja na mume wangu. Kuna siku natoka zahanati nimebeba kichekesho cha kumwambia, nakifikisha mpaka mlangoni. Hamu hiyo haiishi. Padre alisema itapungua. Labda kwa mapadre.

Sasa nakuomba, kama mdogo wako, kwa heshima zote. Usije na jembe. Najua kwetu mtu asiyelala kibanjani ni jeraha kwa ukoo. Najua Mama hutoka asubuhi akatazama pale pembeni ya baba mahali ambapo pangekuwa pa mwanawe. Ninaposema hivi nami naumia, kwani hata mimi nilitaka alale kwenye migomba. Lakini ukifukua, utakuwa umewaambia watu hawa kwamba mikono yao ilikuwa michafu. Shamte atanyamaza, ni mtu wa heshima. Kombo hatanyamaza. Na mtoto wangu atakua akijua kwamba baba yake, aliyewakalisha watu pamoja, ndiye aliyewatenganisha.

Njoo mikono mitupu. Njoo baada ya Noeli kama ulivyopanga, ukae nasi, Shamte akuonyeshe kaburi mwenyewe, ulie pale unavyotaka, hakuna atakayekuharakisha. Wakisema ukoo umedharauliwa, sema ni Jovina, mkaidi, amekataa. Nitalibeba mimi.

Nisalimie Mama kwa kumshika miguu, umwambie mjukuu wake anasali rozari kwa lugha ya nyumbani, anakosea lakini anasali. Nisalimie mkeo Matilda na watoto wote, na shangazi Leokadia, hata kama bado hajanisamehe ile chumvi niliyomzidishia mchuzini. Angela anakusalimu. Gerson naye anakusalimu, kwa aibu. Na Mwanamkuu anasema Shemeji akija asije na panzi.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna neno ambalo si vizuri ulisikie kwa mtu mwingine. Mnaniita nirudi nyumbani, na Angela akimaliza masomo huenda nikarudi, sijui. Ila popote nitakapokuwa, nikiondoka duniani, nileteni huku. Nimekwisha zungumza na Shamte, ameniachia nafasi ubavuni pa Mwalimu. Gerson, maskini, akaniahidi kwamba safari yangu atakimbia, atangulie yeye kaburini, ahakikishe nimelazwa sawa, miguu mashariki. Nimemwambia asihangaike. Wanilaze vilevile kama mume wangu, kichwa mashariki. Sitaki Mfalme atakapokuja Costantine ageuke peke yake.

Amani ya huyo tunayemngoja ikae mlangoni kwenu mpaka atakapofika.

Ni mimi, mke wa mdogo wako, nikupendaye na kukutazamia,

Jovina